Shikamoo ya Kadi

Ilikuwepo nchi moja, na ukitaka nikutajie jina lake itabidi usubiri, maana wenyewe walilikopesha jina hilo na bado halijarudishwa.

Nchi hiyo haikupungukiwa kitu. Ilikuwa na mito, ilikuwa na migodi, ilikuwa na wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Kiongozi wake, Mheshimiwa Baba wa Kuaminika, alishika madaraka akiwa bado kijana, na kila alipokwenda ziarani aliwakuta wazee wamejipanga mstari, wanangoja awaamkie. Huko, kama kwetu, mdogo ndiye anayetoa shikamoo. Basi Mheshimiwa atashuka garini, ving'ora vinalia, walinzi na bunduki zao kila upande, halafu asimame mbele ya kizee kisicho na jino hata moja, aseme, "Shikamoo babu." Na kizee kitajibu bila haraka, kama mtu anayemumunya muwa, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Jambo hilo lilimnyima Mheshimiwa usingizi. Wataalamu wakaitwa, wakafungiwa hotelini na posho zao, na walipotoka walikuwa wamenenepa na wameshika Sheria ya Umri.

Sheria ilisema hivi: umri wa mtu hauhesabiwi tangu alipozaliwa, maana kuzaliwa hata mbuzi huzaliwa. Umri huhesabiwa tangu mtu alipoaminiwa. Na mtu huaminiwa siku anapopewa kadi ya mkopo. Kadi namba moja ya nchi nzima ilikuwa ya nani? Usijisumbue, umeshajua. Tangu asubuhi ile redio ilipotangaza, hapakuwa tena na mtu mkubwa kuliko Mheshimiwa, na vizee visivyo na meno vikakusanywa kwenye viwanja vya shule kufundishwa upya kutoa shikamoo.

Kilikuwepo na kifungu kidogo, kimeandikwa kwa herufi za kuonwa na sisimizi: mwenye kadi zaidi ya moja, umri wa kadi zake zote utajumlishwa, kisha utagawanywa kwa idadi ya kadi. Hakuna aliyekijali. Wakati ule nani alikuwa na kadi mbili?

*

Miaka ikapita, watu wakazoea. Binadamu huzoea hata kiatu kinachobana.

Katika mtaa mmoja wa mji mkuu aliishi Bi Sikudhani, mwoka mikate ya mofa. Kwa hesabu ya marehemu mama yake alikuwa na miaka sitini na mmoja, mtoto wa mwaka wa nzige. Kwa hesabu ya serikali alikuwa na miaka ishirini na minne, umri wa kadi yake ya pekee ya Benki ya Subira. Kadi ile aliichukua alipokuwa ananunua unga wa mtama kwa magunia, akalipa kila mwezi bila kukosa, mpaka maandishi yake yakafutika kwa kushikwa. Na kwa kuwa wachache mtaani walikuwa na kadi ya siku nyingi vile, wakubwa kwa wadogo walimwamkia. Yeye aliitikia kila mtu, na moyoni alijua wanaamkia mikate.

Nyumba alimokaa haikuwa yake. Ilikuwa ya Mzee Hamdani, na uani mwake marehemu mume wa Bi Sikudhani alichimba tanuri la udongo kwa mikono yake, la kwenda chini kama mtungi uliozikwa hadi shingoni. Tanuri la namna hiyo halihamishwi. Ukilichimbua utaondoka na vigae.

Mzee Hamdani akafa. Mwanawe, Twalibu, akaja baada ya arubaini, akasimama uani kofia mkononi.

"Mama Siku, mimi sitaki kukufukuza. Umenilea kwa mkate wako. Lakini ndugu zangu wanataka mgawo wao, na yupo tajiri anataka kujenga sheli hapa."

"Sheli? Pampu ya petroli juu ya tanuri langu la moto?"

"Ndiyo hivyo, Mama. Nimewabembeleza, wamekubali uanze wewe kupewa nafasi ya kuinunua. Lakini mvua za masika zikianza, mimi sina kauli tena."

Bi Sikudhani alikuwa ameweka nusu ya bei, senti juu ya senti. Nusu iliyobaki ingempasa kukopa. Hakuogopa. Ishirini na minne si mchezo.

*

Mwaka huo, maana bahati mbaya hutembea na nguo nzuri, serikali ilikuwa imetangaza Mwaka wa Kadi. Waziri wa Umri na Uaminifu alisimama jukwaani, jasho linamtiririka ndani ya suti ya sufi, akasema:

"Ndugu wananchi! Nchi maskini huhesabu ng'ombe. Nchi tajiri huhesabu kadi! Mtu mwenye kadi moja ni kama mtu mwenye jicho moja. Anaona, lakini anaona nini? Nasema, anaona nini?"

Watu wakapiga makofi, hata Mzee Chongo aliyekaa mstari wa mbele.

Wasichana wenye kofia nyekundu wakasambaa sokoni. Kadi ya duka la unga ilitoka na ndoo. Kadi ya kampuni ya simu ilitoka na mwavuli. Kadi ya magodoro ilitoka na mto mmoja, wa pili utapewa ukikopa. Na kadi zenyewe hazikuwa na masharti, unataja jina, msichana anauliza kwenye simu, "Huyu tunamjua?", sauti inajibu, "Ngoja tumuulizie," na kabla hujafunga kanga yako vizuri, kadi hii hapa.

Bi Sikudhani alizitazama siku ya kwanza akapita. Usiku wake akawaza. Kwao, kijana anayekwenda kuposa haendi peke yake. Hufuatana na wazee, na kila mzee husema, "Huyu tunamjua." Wazee wakiwa wengi, posa haikataliwi. Na mkopo ni nini kama si posa? Kesho yake akaenda sokoni, akachukua kadi. Wiki ile akachukua nyingine tatu. Mwezi ulipokwisha alikuwa nazo kumi na moja mpya, amezifunga na ile kuukuu kwa uzi wa mkonge, na hakuwa amekopa kwa hizo mpya hata thamani ya kiberiti.

Jirani yake Kidawa, mkaanga samaki, alimkuta anazipanga mkekani.

"Shoga, unataka kucheza karata?"

"Nakusanya mashahidi."

"Mashahidi? Kwani umeua?"

"Nakwenda kuomba mkopo wa nyumba. Mtu aliyeaminiwa na kumi na wawili, wa kumi na tatu atamkataa kwa uso gani?"

Kidawa akacheka, akakaa. "Haya. Na mwanamke akija kuposwa na wanaume kumi na mmoja mwezi mmoja, mtaa humwitaje?"

"Mtaa wako huo wa maneno! Na wewe mbona una ndoo saba?"

"Mimi nilitaka ndoo tu, shoga. Kadi nimeziweka chini ya miguu ya kabati lisiyumbe."

Walicheka wote wawili. Lakini Bi Sikudhani alipobaki peke yake, alizihesabu kadi zile upya, na hakucheka tena.

*

Ofisa wa mikopo wa Benki ya Subira aliitwa Bwana Shubiri. Alikuwa kijana mwenye shingo nyembamba na tai nene. Baba yake, mtu mwenye kuona mbali, alimchukulia kadi siku ya kumpa jina, kwa hiyo miaka yake ya kuzaliwa na ya kuaminiwa ilikuwa sawasawa: ishirini na saba. Alikuwa mmoja wa watu wachache nchini waliojua umri wao bila kuuliza.

Bi Sikudhani akakaa, akaweka fungu la kadi mezani kwa fahari. Shubiri akabofya kompyuta. Akabofya tena. Uso wake ukabadilika, akawa anangoja.

Bi Sikudhani naye akangoja. Huenda kompyuta ni nzito.

"Naam?" alisema Shubiri.

"Naam," alisema Bi Sikudhani.

"Sijasikia salamu."

"Salamu gani, mwanangu?"

"Mtoto," alisema Shubiri kwa upole wa kiofisi, "mkubwa huamkiwa."

Bi Sikudhani akageuka kutazama nyuma yake, pengine kuna mtoto ameingia. Hapakuwa na mtu.

Shubiri akamgeuzia kioo cha kompyuta. "Kadi yako ya zamani ina miaka ishirini na minne. Hizi kumi na moja, kila moja ina mwezi au pungufu. Jumlisha, gawa kwa kumi na mbili. Wewe una miaka miwili na siku kidogo. Umeshaachishwa ziwa?"

"Wewe kijana! Mwezi uliopita nilikuwa mkubwa, mwezi huu nimekuwa mchanga? Miaka yangu imekwenda wapi?"

"Haijaenda popote. Imegawanywa." Akabofya tena. "Na hili ni baya zaidi. Umeuliziwa mara kumi na moja ndani ya mwezi mmoja. Kila kadi ilipotolewa, waliulizia jina lako, na kila kuulizia ni hodi iliyoandikwa. Sasa mimi mkopeshaji najiuliza: mtu anayebisha hodi kwenye milango kumi na mmoja, anafukuzwa na nini?"

"Sifukuzwi na kitu! Sikukopa hata senti moja. Angalia mwenyewe, hazijaguswa."

"Nimeona. Hilo ndilo linalonitisha hasa." Akainama mbele, akashusha sauti. "Mtu aliyejaza mitungi kumi na mmoja na hanywi, anajua ukame gani ambao sisi hatuujui? Kesho ukiamua kuzichota zote kwa pamoja, mimi nitalipwa na nani?"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na akili ndani yake, akili iliyopinda kama kuni mbichi, lakini akili. Bi Sikudhani aliona alivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza: ajuza anayekimbia na mitungi.

"Basi nizirudishe hizi mpya."

"Ukizirudisha leo, hodi hazifutiki. Zitasikika mwaka mzima, pengine miwili. Na kadi iliyofungwa bado tunaihesabu kwenye umri. Dawa ni moja. Tulia, usiguse kitu, ukue."

"Nikue mpaka lini? Mvua ziko hapo nyuma ya mlima!"

"Benki yetu inaitwa Subira," alisema Shubiri, na hakuwa anatania. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza: "Ipo njia. Mtoto hakopeshwi, lakini hukopeshwa kupitia mlezi. Mlete mlezi aliyetimiza miaka kumi na minane ya kuaminiwa."

Bi Sikudhani alisimama, akafunga uzi wake. Alipofika mlangoni Shubiri akakohoa. Alikuwa bado anangoja.

Nyumba, tanuri, mume aliyelichimba. Vyote vilimpita machoni. Akageuka.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alisema kijana, akaandika kwamba mteja ana nidhamu.

*

Mlezi! Alizunguka mtaa mzima. Mwalimu mstaafu alikuwa na kadi tisa na umri wa miaka miwili na nusu. Imamu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na watu walianza kuulizana kama sala nyuma ya mtoto mchanga inasihi. Kidawa mwenyewe, ndoo saba, alikuwa hajatimiza mwaka.

"Mimi hata kukaa sijaanza," alisema. "Nashikiliwa na mito."

Mtu mzima alibaki mmoja tu: Pazi. Huyu alikuwa mtu wa kulala kibarazani mchana na kunywa gongo jioni. Kadi yake moja, ya miaka ishirini, aliipata alipofanya kazi bandarini wiki tatu. Mwaka wa Kadi ulipokuja hakuchukua nyingine kwa sababu kulikuwa na foleni, na Pazi foleni ilimuumiza kiuno. Sasa uvivu ule ulikuwa umemfanya mzee wa mtaa. Walimletea ugomvi wa ndoa awaamulie. Walimpa kiti msibani. Alikuwa ameanza kutembea na bakora.

Bi Sikudhani alimkuta amekaa kibarazani, na mezani kwake kuna mkate wa mofa wa jana, mkate wake, ambao Pazi hakuwahi kuulipia tangu enzi za kadi ya bandarini. Alikuwa anampa tu. Kadi ya kuhesabia wema huo haikuwepo.

"Shikamoo, Pazi."

"Aa! Dada Siku, usinifanyie hivyo bwana." Pazi aliangalia huku na huku. Hapakuwa na anayesikiliza. "Lakini kama sheria inasema, basi marahaba."

Alikubali. Alikubali upesi, na kwa moyo mweupe, ndivyo ilivyo. Benki wakamwamkia, wakamletea chai. Shubiri akasoma masharti kwa sauti: mkopo umetolewa, nyumba itaandikwa jina la mlezi, kwa kuwa mtoto hamiliki, mpaka mtoto atakapotimiza miaka kumi na minane.

Bi Sikudhani akahesabu kwa vidole chini ya meza. Angekuwa na sabini na saba. Nusu ya bei, senti zake zote, zilikuwa tayari mezani. Nje kulikuwa na wingu.

"Dada Siku," Pazi alimnong'oneza, "nitakudhulumu mimi? Mimi na mikate yako?"

Bi Sikudhani akaweka dole gumba.

*

Na Pazi hakumdhulumu. Hilo nataka lieleweke. Mtu anaweza kukuangamiza bila kukudhulumu hata kidogo.

Kadi zina pua. Zilipomnusa Pazi kwamba sasa ni mwenye nyumba, wasichana wa kofia nyekundu hawakumngoja kwenye foleni, walimfuata kibarazani. Wakamwita Mzee. Wakamvisha kofia. Mtu aliyelala kibarazani miaka ishirini bila kuitwa hata jina lake kamili, leo anaambiwa kampuni nzima ya magodoro inamwamini. Je, wewe ungekataa? Aliposhtuka alikuwa na kadi kumi na tano mpya, redio mbili na jozi ya viatu vya mpira, vyote vya mguu wa kushoto.

Kidawa ndiye aliyeleta habari, anahema, mikono ina unga na mafuta.

"Shoga, mlezi wako amekuwa mtoto!"

"Unasemaje?"

"Pazi! Ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Wametangaza pale kwa mjumbe. Wewe ni mkubwa kuliko yeye!"

Bi Sikudhani akakaa chini, pale pale kwenye majivu. Mtoto hamiliki. Na mtoto aliyeandikwa nyumba ya mtoto mwenziwe je? Kifungu kilikuwepo, cha herufi za sisimizi: mali ya watoto wasio na mlezi itakuwa chini ya Mkubwa wa Nchi. Mheshimiwa Baba wa Kuaminika alikuwa na kadi moja tu maisha yake yote. Kadi namba moja. Hakuwahi kuchukua nyingine, hata Mwaka wa Kadi, hata kwa ndoo.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa imeshaandikwa jina la Mheshimiwa wiki ile. Ya imamu pia. Redioni waziri alikuwa anasema kwamba Mheshimiwa, kwa huruma yake, amekubali kulea yatima laki nne.

Pazi alikuja jioni. Hakuwa na bakora. Alisimama nje ya ua na viatu vyake vya kushoto, akashindwa kuingia.

"Dada Siku. Mimi... waliniita Mzee."

"Nimesikia."

"Hakuna aliyewahi kuniita Mzee."

Bi Sikudhani alimtazama. Alitaka kumpiga kwa kijiti cha kuchokolea makaa. Badala yake akachukua mkate, akampa. Pazi akaupokea kwa mikono miwili, akalia kama mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu.

*

Asubuhi mvua ya kwanza ya masika ilipoanza kudondoka, Bi Sikudhani alikuwa anabandika mikate kwenye kuta za tanuri kama kawaida. Makaa yalikuwa yameiva. Harufu ilikuwa imeanza kupanda juu ya paa, na mtaa ulikuwa unaamka kwa harufu hiyo, kama ulivyoamka siku zote.

Mtu akabisha hodi. Alikuwa Bwana Shubiri, ameshika mfuniko wa bati wenye nembo ya taifa, kamba na lakiri ya kutilia muhuri. Amelowa. Tai yake nene ilikuwa imenywea.

"Nimetumwa," alisema. "Sheli itajengwa. Ni ya Mkubwa wa Nchi sasa. Tanuri lifungwe."

"Mikate imo ndani."

"Nimeambiwa lifungwe lilivyo."

Alikuwa na kitu kingine, kinamkereketa. Alisogea, akayumba, akasema kwa sauti ndogo:

"Shikamoo, Mama."

Bi Sikudhani aliinua uso. Tangu siku ile benki hakuwa ameamkiwa na mtu. Neno lilimwingia kifuani kabla hajalizuia, na mdomo wake ukawa umeshaanza kujibu wenyewe. Akaushika.

"Umeniamkia mimi," aliuliza, "au umeamkia kadi?"

Shubiri akatazama chini. Benki ilikuwa imewalazimisha wafanyakazi wote kuchukua kadi za kampuni ndugu. Alikuwa na mwaka mmoja na ushei sasa. Bi Sikudhani alikuwa na miwili.

"Sijui, Mama," alisema. "Wallahi sijui tena."

Akapiga goti kwenye matope, akaweka mfuniko juu ya mdomo wa tanuri, akazungusha kamba, akagonga lakiri. Kisha akabaki pale pale kwenye mvua, mdogo mbele ya mkubwa wake, anangoja aitikiwe.

Bi Sikudhani hakuitikia. Alikuwa anasikiliza mikate. Ikikauka hubanduka ukutani na kuanguka kwenye makaa, mmoja mmoja, kwa mlio mdogo kama wa mtu anayebisha mlango kutoka ndani. Mtaa mzima ulinusa mkate. Kisha ukanusa mkate unaoungua.